Moto wa Radio Pale Tala

Nilikuwa nauza radio ndogo za betri sokoni Tala, na kila mteja alijua ni feki. Siku moja maafisa wa serikali wakaja na suti zao, wakapakia maboksi yetu yote kwenye lori. Mkubwa wao akatutajia miji ya Uchina na Uarabuni, akijigamba kwamba serikali imeshayatambua masoko yote ya takataka hizi, ya ng'ambo na ya hapa nchini. Kesho yake wakayarudisha maboksi sokoni, wakayarundika, wakayatia moto, wakajipigia makofi wenyewe.

Kwetu, moto ukizima, akina mama wa vyuma vikuukuu huingia kwenye majivu kutafuta shaba. Siku hiyo walichokora mpaka jioni wasipate hata kipande cha waya.

"Hawa wamechoma karatasi," mmoja akasema, akatema mate.

Wiki iliyofuata niliikuta radio yangu katika soko la Masii, haina boksi, na mgongoni ina ile alama niliyoipaka kwa rangi ya kucha. Mwenye kibanda akaniambia, bila hata aibu, kwamba zililetwa na lori la serikali.

Ndiyo maana mkubwa wao alitaja Uchina na Uarabuni, Masii hakuitaja. Nani atafute soko analoliuzia mwenyewe?