Maswali Yaliyozunguka Nyumba Moja

Mwanangu, nimefurahi kusikia umechaguliwa kumsaidia mwalimu wako huko chuoni. Lakini kabla hujaenda, kaa kidogo, kahawa bado ya moto. Liko jambo moja la ujana wangu ambalo mpaka leo halijanitoka, na khabari yake inakuhusu kuliko unavyodhani.

Ilikuwa katika miaka ya tisini, nami ni msichana wa mwaka wa tatu katika chuo kikuu hapa Maskati. Nilisomea mambo ya makabila na jamii za watu: nani alitoka wapi, kwa nini watu wa milimani wasema hivi na wa pwani vile, na vipi sie tuliotoka Unguja na bara tumekuwa Waomani wenye Kiswahili mdomoni. Mwalimu wetu, Doktori Munir, mgeni kutoka nchi nyengine ya Waarabu, akanichagua niwe msaidizi wake. Kazi yangu ilikuwa kukaa na kundi la wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kuwafafanulia somo na kuwasikiliza wakieleza waliyoyasikia kwa wazee wao. Nikapewa ufunguo wa chumba kidogo na kiti cha kuzunguka. We! Nilijiona.

Bibi yangu, Bi Zuwena, ndiye aliyenilea. Tulikuwa tumehamia Mabela, mtaa mpya nje ya mji, nyumba bado inanuka rangi na njia zote vumbi tupu. Nilimkuta akichagua mchele. Nikampa khabari, asiinue uso.

"Kwa nini wewe?" akauliza.

"Kwa sababu najua Kiswahili, Bibi. Wengi katika wale watoto ni wa kwetu."

"Na yeye anataka nini kwa wa kwetu?"

"Elimu."

"Haya," akasema, akaendelea na mchele wake.

Nilidhani ni uzee tu. Wazee wetu walihama, wakahama tena. Ukiwauliza jina la babu yao, na wao hukuuliza kwanza nani anayetaka kujua. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Katika kundi langu alikuwemo binti mmoja mcheshi, Asila. Alitueleza bila ya kificho kwamba bibi yake mzaa mama alikuwa mwanamke wa bara, si Mwarabu, na akatuimbia wimbo aliokuwa akiuimba bibi huyo akitwanga. Tulimpigia makofi. Hiyo ndiyo iliyokuwa raha ya somo lile: mtu hufungua mlango wa kwao kwa khiyari yake.

Haukupita muda Doktori akaniita. Akauliza darasa linaendaje, kisha akasema, "Yule Asila, ana bidii?" Nikajibu anayo. Mara nyengine akauliza babake anafanya kazi gani. Mara nyengine tena, mlango kaurudisha nusu, "Upande wa mamake hasa, ni watu wa wapi?"

Nikasema sijui, nami najua.

Bandu bandu huisha gogo, mwanangu. Kundi zima lile, hakuniulizia mwengine. Nikaanza kumtazama kwa jicho jengine. Akitabasamu, natafuta sababu. Simu ikilia naye akashusha sauti, masikio yangu yanasimama. Hata aliponisifu kwa kazi yangu, sifa ile sikuweza kuimeza.

Nikamweleza Bibi. Safari hii aliuweka ungo chini.

"Elimu huuliza nyumba zote," akasema. "Swali likizunguka nyumba moja, hilo ni la posa: yuko anayechungua asili ya binti."

"Basi nitanyamaza, Bibi. Simwambii kitu."

"Kunyamaza hakutoshi. Wewe ndiwe uliyekaa baina ya yule bwana na wale watoto. Neno likitoka kwa yeyote, litaonekana limetoka kwako. Ondoka, na uondoke watu wakikuona."

Sikupenda. Kazi ile nilikuwa naionea fakhari. Lakini nilipoitwa tena nikapata ujasiri nikamuuliza, "Doktori, hili la mamake Asila ni la somo gani? Kama ni la somo, tumuulize mwenyewe mbele ya wenzake."

Alicheka, kisha kicheko kikakatika. "Umekuwa mpelelezi sasa?" Jibu hakunipa, nami nikawa nimeshalipata.

Tulipokutana tena na kundi, nikasimama. "Leo nakuageni. Mliyonihadithia ya majumbani kwenu sijayapeleka popote, wala sitoyapeleka. Na nyinyi angalieni mnamhadithia nani." Sikumtaja mtu. Nikarudisha ufunguo.

Nafasi yangu akapewa kijana, Khalfan, si mtu mbaya, ila akipenda mno kuwapendeza wakubwa. Kisha tukasikia posa ya Asila, ambayo wengi hatukujua kama ipo, imevunjika. Watu wa upande wa mume waliagiza kuwa asili hazilingani. Baadaye ikajulikana kuwa ami yake huyo mchumba alikuwa sahibu mkubwa wa Doktori.

Mamake Asila, Bi Thureya, akaja kwetu Mabela. Hakukaa, wala kahawa hakuigusa.

"Namtaka huyo mjukuu wako aliyekuwa msaidizi," akamwambia Bibi. "Mwanangu alimwamini."

Haki ilikuwa yangu, na bado nilihisi kila neno nitakalolisema litanuka uongo. Bibi alifungua mdomo, lakini Asila, aliyesimama nyuma ya mamake, akamtangulia.

"Mama, siye huyu. Huyu alituaga mbele yetu sote akatwambia tuangalie. Mie ndiye nisiyesikia. Khalfan aliniuliza, nikamweleza yote."

Bi Thureya akakaa chini pale pale. "Mama yangu ndiye aliyenifunza kusali," akasema huku analia. "Leo ndiye aibu yetu?"

Bibi akamshika mkono. "Aibu ni yao walioulizia pembeni."

Asila akaja kuolewa na mtu mwengine, aliyekuja mwenyewe kuuliza kwa mlango wa mbele, na Bi Thureya akamweleza khabari za mama yake hata halwa haijaletwa.

Sikwambii kila mwalimu ana lake jambo, mwanangu. Wengi wana kheri. Nnachokwambia ni hiki: anayekupa kiti, mtazame anakuuliza nini ukishakikalia. Ukiona swali linamfuata mtu mmoja, usilijibu, na usifiche kuwa umelikataa. Anayekataa faraghani hana shahidi. Na watu watakaokufungulia nyumba zao, usizione hadithi zao kuwa mali yako kwa kuwa umezisikia. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe elimu yenye nuru, akuweke mbali na fitina, na kila utakayemsikiliza akuombee dua njema. Amin.