Nguzo ya Mwenzangu

Hapa chuoni Salamanka, Uhispania, mwalimu akimaliza somo hutoka hadi uani, akaegemea nguzo, na wanafunzi wakamuuliza watakalo. Kwenye nguzo yangu huja njiwa. Kwa mwenzangu, mwalimu wa sheria, hupati hata pa kukanyaga. Hujikuna kidevu kwa ukucha mrefu wa kidole gumba, hushusha sauti mpaka wote wainame, kisha hurudia lilelile: mtumwa wa halali ni yule tu aliyetekwa katika vita vya haki. Nao humpigia miguu chini kwa furaha, utadhani kateremka na jambo jipya.

Leo Lope, mwanafunzi mwenye mdomo, alimwonyeshea kidole Baltasari, mtumwa wa mwalimu huyo anayemshikia joho. “Na huyu, mwalimu, alitekwa vita gani?”

Ukucha ukakwama kidevuni. “Sijapata kumuuliza.”

“Niulize basi, bwana,” Baltasari akasema. “Nipo hapa kila siku.”

Wanafunzi wakamgeukia yeye, wakainama kumsikiliza. Mwenzangu akabaki na nguzo tupu kama yangu. Nilidhani ningefurahi, lakini wivu wangu ulikuwa umeshawafuata wanafunzi, ukamganda yule mtumwa.