Sanduku la Prosesa Mbili

Niliacha shule darasa la saba, na tangu hapo sijakaa kwenye kazi moja zaidi ya mwaka. Nimechota maji, nimepaka rangi vibao vya vinyozi, nimelinda saiba moja ya Kawangware, duka la intaneti. Hapo saiba ndipo nilipojifundisha, kwa programu ya bure na udadisi wangu, kuchora nyumba ndani ya kompyuta. Unasimamisha kuta, unaweka jua mahali pake, kisha unaiachia mashine ikokotoe kivuli kimoja kimoja mpaka itoe picha kama ya kamera. Hiyo hatua ya mwisho niliita kupika picha.

Januari ile ya vurugu baada ya uchaguzi, mama mmoja mwenye ploti Kawangware alinipa kazi yangu ya kwanza ya kuchora. Nyumba zake za mabati zilikuwa zimechomwa. Kaka zake wawili walitaka ploti iuzwe, waachane na balaa. Yeye alitaka kujenga ghorofa za kupangisha. Jumapili ya wiki iliyofuata, baada ya ibada, wangekaa kuamua.

"Hao maneno hawasikii," aliniambia. "Nionyeshe nyumba imesimama, kijana. Wakiiona hawataiuza."

Sebuleni alikuwa na kompyuta ya binti yake. Nilipika picha juu yake siku mbili, na kabla haijafika nusu, stima ikapotea na kila kitu nayo. Nikamwambia tunahitaji mashine yenye prosesa mbili, yaani bongo mbili za kukokotoa.

"Mbili za nini?"

"Mathe, watu wa harusi utawapikia kwa jiko moja?"

Hakuuliza tena. Mimi niliuza baiskeli, yeye akaongeza pesa iliyobaki.

Siku hizo vichochoro vya Kibera vilijaa vitu vya bei ya kutupa, na kila mtu alijua vimetoka wapi. Jirani yangu kule Raila, kijiji chetu ndani ya Kibera, alinifunulia kompyuta mpya, bado iko ndani ya boksi lake. Nikakataa. Picha ya nyumba ya mtu aliyechomewa haikufaa kupikwa na mali ya mtu aliyevunjiwa duka. Tena, nisiwe mwongo, niliiangalia vizuri: ilikuwa na prosesa moja.

Nilienda mjini kwa muuzaji wa mashine zilizotumika maofisini ng'ambo. Sheria yake ilikuwa moja: kila kitu kinawashwa mezani, mkiwa wote mnaona. "Ukivuka huo mlango," alisema, "ndoa imefungwa."

Alinisukumia prosesa moja mpya, yenye kasi kuliko zote alizokuwa nazo. Wateja wengine wakamuunga mkono. Lakini mimi nilikuwa nimeandika hesabu zangu kwenye karatasi: mbili za polepole zingegawana picha na kumaliza kabla ya ile moja ya mbio. Nikaomba bodi kubwa yenye viti viwili vya prosesa. Akaileta, pamoja na prosesa mbili zilizoandikwa kasi ileile. Nikafuta grisi ya zamani kwa pindo la shati na kusoma mstari wa herufi ndogo chini kabisa. Wa moja ulitofautiana na wa pili.

"Hizi si pacha," nikasema.

"Speed ni moja, buda. Unanunua ama unachumbia?"

"Bodi itazikataa. Ziweke tuone."

Akaziweka. Kioo cha mashine kikabaki cheusi. Akakuna kichwa, akamwaga mkebe mzima wa prosesa mezani, na tukachambua kama watu wanaochambua maharagwe mpaka pacha wa ile moja akapatikana. Tukawasha. Kioo kikahesabu: moja, mbili.

"Wewe umesomea wapi?" akauliza, akigonga mhuri kwenye risiti.

"Kibera."

"Hapo ni kwenu. Nauliza shule."

"Na mimi nimejibu shule."

Sasa ikabaki nyumba ya mashine yenyewe. Bodi ile haikuingia kwenye kasha lolote la kawaida. Huko Kawangware kulikuwa na fundi wa mabati kutoka Machakos, mtengenezaji wa masanduku ya wanafunzi wa kidato cha kwanza. Januari ndiyo msimu wake, lakini shule zilikuwa zimechelewa kufunguliwa na masanduku yalipangana hadi barabarani. Nilimpelekea umbo la bodi nililochora kwenye karatasi ya mfuko wa simiti. Akachagua sanduku la buluu, akachomelea vijiguu vya kushikilia bodi, akatoboa tundu la nyaya.

"Langu mende haingii," alijisifu, akipitisha kidole kwenye mishono aliyoiziba yote. Nikamsifu pia. Sikuwahi kuwa na sanduku kama hilo. Walionipita darasani ndio waliolibeba.

Nililibeba tupu hadi chumbani kwangu, nikafunga kila kitu ndani, na Alhamisi nikalirudisha Kawangware kwa mama likiwa zito. Mtu mwenye kompyuta mkononi siku hizo alikuwa mwizi. Mwenye sanduku alikuwa mwanafunzi. Penye kizuizi cha mawe vijana wakalifungua hata hivyo. Nikatoa risiti. Mmoja akaisoma, akanitazama kidevu.

"Form one na hizo ndevu?"

Wakacheka wote. "Pita, prefekti."

Ijumaa asubuhi niliunganisha mashine na kioo cha ile kompyuta ya binti wa mama na kuanza kupika. Baada ya saa moja ikazimika. Nikawasha, ikazimika tena. Nikagusa kifuniko: moto kama pasi. Mimi niliyesoma herufi ambazo muuzaji mwenyewe hakuzisoma, nilikuwa nimesahau hewa. Mahali mende haingii, hata upepo hauingii.

Nilimwita fundi. Aliinamia kazi yake nzuri kama mtu aliyeambiwa amkate mwanawe nywele. Tukatoa kila kitu kwanza, maana chembe moja ya bati ingeua bodi. Kisha akatoboa safu za matundu pande zote mbili.

"Nimelifanya jiko," akanung'unika.

Jumamosi jioni picha ilikuwa tayari, duka chini na vyumba juu, mpaka kivuli cha nguo kwenye kamba.

Jumapili, baada ya ibada, kaka mkubwa aliinamia kioo, akifuata kuta kwa kidole. Mama hakumwangalia yeye, aliniangalia mimi.

"Hizi ngazi," akasema yule kaka mkubwa, "kwa nini ziko karibu na choo?"

"Sasa ungeziweka wapi wewe?" kaka mdogo akamrukia. "Mbele, watu wazibe duka?"

Wakabishana juu ya ngazi mpaka chai ikapoa. Hakuna aliyetaja kuuza. Ndipo yule mdogo akaliona sanduku pembeni likivuma.

"Na hapa nani anaenda shule?"

"Hilo ni la huyu mchoraji wangu," mama akasema.

Kaka mkubwa akanigeukia. "Basi pika tena, fundi. Ngazi zikae nyuma."

Nikazihamisha, nikabonyeza. Prosesa zote mbili zikaanza, kila moja na kona yake ya picha.