Siku Tuliyomfuata Hezekia

Alhamisi ile tulikuwa tunapukuchua maharage kanisani, huko kwetu Kongo, ng'ambo ya ziwa. Kanisa ndilo lililokuwa pia ghala la kijiji. Mume wangu Yohana, mwinjilisti, alifundisha huku naye akipukuchua, maana aliwajua akina mama wa kwetu: hawakai bure kumsikiliza mtu. Somo lilikuwa Waashuri. Waliizingira Yerusalemu, amiri wao akasimama chini ya ukuta akawaita watu kwa lugha yao wenyewe, akiwaahidi chakula wakijisalimisha. Mfalme Hezekia akaagiza asijibiwe neno. Usiku malaika akapita kambini, na kulipokucha jeshi la Ashuru lilikuwa maiti.

"Mjanja yule amiri," Yohana alisema. "Akina mama, mngemfungulia nyinyi!" Tukacheka, tukamrushia maganda.

Jumamosi, saa tisa mchana, watu wenye bunduki waliingia kijijini. Tulikimbilia kanisani kama watu arobaini, tukakomea mlango.

Mmoja wao akabisha. Hakusema Kiswahili. Alisema lugha yetu ya nyumbani, tena kwa upole.

"Fungueni. Tunataka chakula tu."

Yohana akashika komeo. "Acha nizungumze naye," aliniambia. "Huyu ni mtoto wa watu, ana njaa."

Nilikuwa na mdomo enzi hizo. Nikamvuta shati.

"Baba Eliya, si umetufundisha mwenyewe juzi? Usimjibu!"

Akanitazama, akanyamaza. Wote tukanyamaza.

Waliita mara tatu.

Kisha wakapiga risasi mlangoni.

Yohana alikuwa ameuegemea.

Waliingia wakamruka pale chini, wakabeba magunia ya maharage, wakaenda zao. Hawakumgusa mtu mwingine. Yule aliyesema lugha yetu alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani, na alishatia maharage makavu kinywani kabla hajavuka kizingiti.

Sitaki kumdanganya mtu. Kijiji cha jirani walifungua, na wanaume wao walichukuliwa, hawajarudi hadi leo. Hilo huwa najiambia. Halinisaidii.

Sasa niko Dodoma, mwaka wa kumi na sita. Naishi Area D, na kila Jumamosi nafundisha Biblia kwa wanafunzi wa chuo kule Chimwaga. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu nimemlea hapa hapa.

Mwezi uliopita tulifika kwenye somo la Waashuri. Niliposoma habari za malaika, darasa zima likapiga "Amina!" Nilikasirika, sifichi. Nikawauliza kama wale maiti hawakuwa na mama. Wafalme wa Ashuru walikuwa wakatili, sikatai, lakini wafalme hawakulala kambini peke yao. Humo walilala vijana waliotolewa mashambani kwa baba zao, nao ndio waliokufa. Nawahurumia. Mtu atanishangaa, lakini nawahurumia.

Ndipo nikawasimulia habari za Yohana. Sikuwa nimewahi kuzisimulia darasani.

Wengine walipotoka, binti mmoja wa huko Zuzu, nje kidogo ya mji, Neema, alibaki.

"Mama Eliya, samahani. Ingekuwa leo, ungemwacha afungue?"

"Ningemwacha, mwanangu."

"Hata kama angekufa?"

"Hata hivyo. Alikuwa na neno la kumwambia yule mtu, nikamzuia. Mpaka leo silijui."