Binti Yangu Amekwenda Chemnitz

Kwetu safari haitangazwi. Mtu akipata viza hunyamaza mpaka apande ndege, maana kijicho kipo, na mimi nakiogopa kweli. Kwa hiyo binti yangu, aliyesomea uhandisi hapa Marekani, chuo cha College Park, alipopata kazi kwenye kiwanda cha mitambo huko Chemnitz, Ujerumani, nilimfunga mdomo.

Mji wenyewe ulinitia wasiwasi tangu jina. Nilimuuliza lina maana gani. Akasema limetokana na mto unaopita hapo, na Waslavi wa zamani waliuita hivyo kwa ajili ya mawe yake. Wakomunisti wakaja kuubandika mji jina la mwanafalsafa wao. Utawala wao ulipoanguka, wenyeji walipiga kura, wakalirudisha jina la mto.

"Mji unaobadilisha majina kama nguo, utauamini?"

"Mama, relax." Basi, jibu ndilo hilo.

Alipofika Ujerumani alituma ujumbe kwamba anapanda treni. Baada ya hapo simu yake haikupatikana. Nilipiga, nikapiga tena. Kila habari niliyowahi kusoma ya wageni kupigwa ugenini ilinirudia. Hata jiko nilishindwa kuwasha. Huku kwetu Greenbelt ilikuwa alasiri. Kule giza lilikuwa limeshaingia.

Jirani yangu wa ghorofa ya juu, mama wa Kikongo, alinisikia nikilia akagonga mlango. Huyo ndiye niliyemficha kuliko wote, kwa sababu husifu watoto wa watu bila hata kusema mashallah. Lakini hofu ilikuwa imenishinda. Nikamwambia yote.

"Chemnitz?" Akashika kichwa. "Dada yangu anaishi kule! Juu ya nini haukusema? Angeenda kumungojea ku gare ya treni!"

Akampigia papo hapo. Dada mtu akavaa koti juu ya nguo za kulalia, akatoka mbio. Tulikaa tukiitazama simu. Ilipolia, nikamsikia binti yangu akilia kwa kwikwi. Simu yake iliishiwa chaji, mwenye nyumba aliyopanga hakutokea kumpokea, na alikuwa amekaa peke yake kituoni na sanduku lake, akiogopa kila aliyepita.

"Mama," akasema, "huyu anti anasema dada yake anaishi juu yetu. Kwa nini hukumwambia nakuja?"

Jirani alikuwa amesimama karibu yangu, anasikia kila neno.