Aonje Kwanza

Susu, mamake mama, alishikilia kwamba filamu ni za watu wavivu, hadi Jumapili ile nilipomwonyesha kwenye simu filamu ya muuguzi anayeua wagonjwa wake. Tulikuwa kwake Matinyani, tumetoka kanisani, tunachambua ndengu. Filamu ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi, na jamani nilitia chumvi! Muuguzi akishika dripu tu, mimi nilishasema ni sumu. Susu aliziacha ndengu kwenye ungo.

"Na wenye mgonjwa wanaangalia tu?" aliuliza.

Moyo ulinidunda kwa raha. Simu ikazima kabla ya mwisho, tukaahidiana kumalizia.

Alhamisi kichomi kikamlaza. Tulikuwa wadi ya wanawake mjini Kitui, anahema kwa shida, na daktari ameagiza dawa ya mshipa haraka. Muuguzi alipofika na sindano, Susu alificha mkono chini ya blanketi.

"Aonje kwanza."

Nilielewa mara moja. Kwetu anayekupa kibuyu cha uji hupiga funda moja mbele yako, ujue ndani hamna neno. Lakini dawa ya sindano inaonjwaje? Kwa aibu nilimweleza muuguzi habari ya filamu, kisha nikamgeukia Susu.

"Susu, yale mengi nilikudanganya."

"Basi hata saa hii unanidanganya."

Pumzi zake zilizidi kuwa fupi, nami niliogopa kwamba ulimi wangu ndio utakaomuua.

Muuguzi hakugombana naye. Aliweka sindano kwenye trei, akaleta kikombe cha uji, akaketi kando ya kitanda na kupiga funda. Susu alimkazia macho, akingoja aanguke. Hakuanguka. Susu akapokea, akanywa kidogo, kisha mkono ukatoka polepole chini ya blanketi.

"Haya sista, dunga."

Nilitaka kumkumbatia yule muuguzi mbele ya wadi nzima.

Siku ya nne Susu aliketi wima na kudai mwisho wa filamu yake, muuguzi naye aitwe. Tukabanana watatu kwenye simu moja. Safari hii nilitafsiri neno kwa neno, bila kuongeza hata kicheko. Susu alivumilia kidogo tu, akanigusa bega.

"Hii si ile ya Jumapili," alisema. "Ile ilikuwa tamu."