Kazi Iliyonishinda Nikanyamaza

Mwanangu, nakumbuka mchana mmoja chuoni Kitui nilipotamani ardhi ipasuke inimeze. Nakusimulia kwa sababu nasikia unaenda chuo na tableti, na kuna wanaokucheka.

Mimi pia nilienda na tableti. Mama alitaka ninunue laptopu, nikakataa. Tableti ilikuwa nyepesi, chaji yake ilidumu, na kwetu Tawa stima ilipotea ovyo. Na kusema kweli ilinifaa. Nilisomea humo, nikaandikia humo, nikawacheka wenzangu waliobeba mizigo ya laptopu mgongoni. Majivuno hayo ndiyo yaliyoniponza.

Tulipewa kazi ya kikundi, tukaenda Mutomo kuwauliza wafugaji wanakopata maji wakati wa kiangazi. Kiongozi wetu alikuwa Halima, mama mwenye duka kule Mwingi, mkubwa kwetu sote. Alitembea nasi juani akiwa na mimba kubwa. Ombi lake lilikuwa moja tu, tumalize kabla hajajifungua. Mimi nikajitolea kuyachambua majibu.

Nilipojaribu kuweka programu ya kuchambulia tuliyoagizwa, tableti ikaikataa. Programu ilitaka laptopu. Ningesema siku hiyo hiyo, ningesaidiwa. Lakini ningeanzia wapi, na vile nilivyokuwa nimewacheka? Kila Halima aliponiuliza, nilimjibu kwamba nakaribia kumaliza.

Siku ya kuwasilisha ikafika. Nikasimama mbele ya darasa na tableti mkononi, bila jedwali hata moja. Nikasema programu imekataa. Mhadhiri akauliza ilikataa lini. Nikakiri ilikataa tangu siku ya kwanza.

Alituruhusu kurudia baada ya likizo, kwa alama pungufu. Tulipotoka nje, Halima alinivuta kando. Hakupaza sauti.

“Dada, tableti haina kosa,” akasema. “Wewe ulijua, ukaniacha niendelee kukuamini.”

Afadhali angenitukana.

Baada ya likizo alikuja amembeba mtoto mchanga. Akaketi nami maktabani, akanifungulia laptopu yake mwenyewe. Mtoto alipolia nilimsogezea kiti anyonyeshe, naye akaniambia asante, taratibu tu, kama mtu ambaye sijamkosea. Nilishindwa kumtazama. Kazi yetu ilipita, lakini alama zake zilishuka kwa sababu yangu. Hata leo tukikutana Mwingi hunisalimu vizuri na kuniuliza habari za nyumbani, nami hujibu nikiangalia chini.

Basi mwanangu, beba tableti yako bila haya. Waulize walimu mapema masomo yako yanahitaji nini. Pale itakaposhindwa, tafuta laptopu ya kuazima au nenda saiba kwenye kompyuta za kulipia, lakini kwanza waambie wanaokutegemea, siku hiyo hiyo, hata kama watacheka. Usimwache mtu akungoje kwa jambo unalojua huliwezi.

Mungu akutangulie huko uendako. Akupe walimu wema na marafiki wa kweli, na atuweke hai sote tukuone umevaa joho.